Maziwa ya Karakana ya Kromu

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema. Maziwa nayanusa kabla ya kuyatia kwenye chai, hata kama nimeyanunua dakika tano zilizopita. Maji nayatia kwenye glasi nikayatazama kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuyanywa. Muuza sukuma wiki wa mtaani kwangu namhoji shamba lake liko wapi na analinywesha maji ya mto gani, hadi siku moja akaniuliza kama nimekuja kununua mboga au kumposa. Watoto wangu wanaona aibu kutembea nami sokoni. Nawaambia tabia hii nilifundishwa, na aliyenifundisha ni nyanya yao.

Basi Jumapili moja mwaka huu nilikwenda kuwaona wazazi wangu kule Baba Dogo, mtaa wa viwanda wa Nairobi, na nilipofungua tu mlango nikasikia harufu ya gesi. Ilikuwa imejaa nyumba nzima. Mtungi wa meko ulikuwa pembeni unapuliza, umefunguliwa na hauna moto, na hatua mbili kutoka hapo Baba ameketi kwenye kiti chake, redio inaimba nyimbo za kanisa, naye ana kiberiti mkononi. Kilichomwokoa ni ile tabia yetu ya kurudisha njiti zilizoungua ndani ya kisanduku. Alikuwa anazichambua moja moja akitafuta nzima, bila haraka yoyote, ili ajipikie chai wakati Mama yuko kanisani.

Nilimpokonya kile kiberiti jinsi mtu anavyompokonya mtoto kisu. Nikafunga gesi, nikafungua dirisha na mlango, nikamtoa nje huku akilalamika.

"Baba, husikii gesi?"

"Gesi gani?"

Nilimtazama usoni. Baba akidanganya hukuna sikio, na siku hiyo hakukuna. Hapo roho ya kushuku ikaniamka. Nikamwambia afumbe macho, nikachuma dhania kwenye mkebe wa Mama pale mlangoni, nikaifikicha hadi vidole vikawa kijani, nikamwekea chini ya pua.

"Nimeshika nini?"

Alivuta pumzi kwa bidii ya mtu anayetaka kupita mtihani. "Karatasi," akasema.

"Tangu lini, Baba?"

"Kitambo," akajibu, na kuniuliza kama sasa anaweza kurudi ndani kusikiliza redio yake. Nilibaki pale nje na dhania mkononi, nikikumbuka mambo ambayo kwa zaidi ya miaka thelathini nilidhani nayaelewa.

Sijui kama wewe ulilelewa Eastlands. Kama ulilelewa huko, utanielewa nikikuambia kwamba Baba Dogo ya utoto wangu nilikuwa naijua kwa pua kuliko kwa macho. Ungenifunga kitambaa usoni na bado ningekufikisha kwetu. Alfajiri ilikuwa mkate, kwa sababu kiwanda cha mkate kilikuwa upande wa juu. Ukishuka unakutana na sabuni, halafu rangi, halafu mpira uliochomwa, halafu moshi wa makaa na vitunguu vinavyokaangwa kwenye ploti yetu, vyumba kumi na viwili vinavyotazamana na bomba moja katikati. King'ora cha kiwanda kikilia, kina mama walikuwa wanajua ni saa ya kuinjika ugali. Sisi watoto tulikuwa tunajua ni saa ya kwenda kumsubiri Baba getini.

Baba alifanya kazi kwenye karakana ya kupaka kromu. Vyuma viliingia pale vikiwa na kutu, bampa za magari, mifereji ya sinki, usukani wa baiskeli, na vilitoka vinang'aa hadi unajiona meno. Siri ilikuwa kwenye matangi. Ndani ya matangi kulikuwa na maji mekundu yaliyokolea ambayo wafanyakazi waliyaita dawa. Dawa hiyo ilitiwa umeme ikachemka, chuma kikatumbukizwa, kikapata ngozi mpya. Hayo yote Baba alitueleza kwa majivuno, na sisi tukawatambia watoto wa ploti kwamba baba yetu anatengeneza vioo kwa kutumia chuma.

Kila mfanyakazi wa matangi alipewa pakiti moja ya maziwa kwa siku, zile za pembetatu. Haikuwa ukarimu. Iliaminika kwamba maziwa huosha kifua na kuitoa dawa mwilini. Viwanda vingi viliamini hivyo, na labda viko vinavyoamini mpaka leo. Baba hakuyanywa. Aliyatia kwenye mfuko wa koti akatuletea, pakiti yenye joto la mwili wake, na Mama aliipikia chai nzito ya watu watano. Wadogo zangu wawili waligombania ule utando wa juu.

Tena Baba alikuwa na pua kali kuliko yangu. Alikuwa akiingia tu geti la ploti anasema, "Kwa fundi wa viatu leo ni matumbo." Akifika mlangoni anamwambia Mama, "Vitunguu vimeungua kidogo," na Mama anamtishia kwa mwiko huku anacheka. Wakila walikaa kwenye kochi moja, sahani zao zimegusana, na Mama alimchagulia mahindi laini kwenye githeri akamwekea upande wake. Nilidhani ndivyo wazazi wote wanavyokula.

Nilikuwa na miaka kumi mambo yalipoanza kuharibika. Kwanza maziwa yalikosekana siku moja. Kisha siku mbili kwa wiki. Kisha wiki nzima. Mama akiuliza, Baba alisema hayakuletwa. Lakini mume wa jirani alifanya kazi palepale, upande wa kung'arisha vyuma, na jirani akamwambia Mama kwamba maziwa yanaletwa kila siku, katoni kwa katoni.

Jambo la pili lilikuwa chakula. Baba aliacha kulalamika. Mama alikuja na githeri iliyoshika chini hadi moshi ukatoka nje, na Baba akala yote akashukuru. Wanawake wengine wangefurahi. Mama alikunja uso. Kesho yake akamjaribu. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kigoda namenya viazi, na alinifanyia ishara ya kidole mdomoni. Alimwekea kikombe cha maziwa yaliyoanza kuchacha, ambayo mimi nilikuwa nayasikia kutoka nilipokaa. Baba aliyanywa hadi mwisho na kufuta mdomo.

"Huyu ameshiba kwingine," Mama akamwambia jirani siku iliyofuata pale bombani, akikamua nguo kwa nguvu zisizohitajika. "Mdomo uko hapa, akili haiko. Na hiyo maziwa iko mtoto mahali anapelekewa."

Jirani, ambaye moto wa watu wengine ulimpa joto, alisema kwa sauti ya chini kwamba pale karakana kuna mama wa chai, mjane, na ana kibanda kwa nyuma. Akasema yeye hasemi kitu, anasema tu kwamba kibanda kiko.

Ilikuwa likizo ya Agosti, na baridi ya Agosti ya Nairobi unaijua. Mama alinifungia chapati mbili na maharagwe kwenye kitambaa. "Mpelekee babako," akasema. "Lakini usikimbie kumpatia. Angalia kwanza. Uone hiyo maziwa inaenda wapi. Halafu ukuje uniambie vile umeona, usiongeze na usipunguze."

Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimetumwa kupeleleza.

Karakana ilikuwa banda refu la mabati. Nilipochungulia ndani, jambo la kwanza lililonipata lilikuwa ladha, wala sikuwa nimekula kitu. Ilikuja ulimini kama nimelamba sarafu. Juu ya matangi kulikuwa na ukungu wa rangi ya machungwa, mwembamba, unaopanda na kushuka, na wanaume waliinama ndani yake na vyuma vyao. Hawakufunika pua. Wachache walikuwa na glavu, nyingi zimetoboka. Sakafu ilikuwa ya manjano, na mfereji wa manjano ulitoka ukutani ukaelekea mtoni, ambako kina mama wa mtaa walipanda nduma zenye majani makubwa ajabu. Tulikuwa tunazinunua nduma hizo kila Jumamosi.

Ilikuwa saa ya chakula. Wengine walikuwa wamekaa kwenye ngazi.

"Niaje, mtoi wa fundi!" mmoja akaniita. Mkono alionipungia ulikuwa na vidonda vya mviringo, vidogo, vyenye kingo zilizonyooka, vilivyoingia ndani hadi nikaangalia kando.

Katikati yao alisimama nyapara, na alikuwa na kijiti cha ufagio wa makuti. Kulikuwa na kijana ameinua uso, na nyapara alimpenyezea kile kijiti puani, taratibu. Kijiti kiliingia tundu la kulia na ncha yake ikatokea la kushoto. Watu wote wakapiga makofi.

"Amepasi!" nyapara akapaza sauti. "Huyu dawa imemzoea. Jumatatu anapewa tangi yake."

Kupewa tangi yako maana yake ulikuwa mfanyakazi wa kudumu. Hukusimama tena getini na vibarua asubuhi ukisubiri kuchaguliwa. Waliobaki bila tundu kwenye ukuta wa ndani wa pua waliambiwa bado, na wale waliotokwa na damu puani walitazamwa vibaya. Nyapara alisema mtu wa damu anachafua dawa, na kesho yake mtu huyo alirudishwa getini. Mimi siku hiyo sikuyajua hayo. Nilidhani ni mchezo wa wanaume, nikacheka nao.

Baba hakuwa pale. Nilizunguka nyuma, nikajificha kando ya mapipa, nikamwona. Alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa nyuma ya kibanda cha chai. Mama wa chai alikuwa amesimama mbele yake, mwanamke mzima wa makamo, na alikuwa anamfuta pua kwa pindo la leso, kwa upole. Mkono mwingine ulishika karai. Baba alikuwa anakunywa maziwa kutoka kwenye pakiti ya pembetatu, kwa pupa, akipumua kwa mdomo. Hakuacha hata tone.

Niliziacha zile chapati juu ya pipa na kurudi nyumbani mbio.

"Maziwa anakunywa yeye," nilimwambia Mama. "Na mama wa chai anamfuta pua."

"Anamfuta pua?"

"Kwa leso yake."

Mama aliketi. Aliniuliza kama kuna kingine, nikasema hakuna. Karai sikulitaja. Niliona ni karai la kuoshea vikombe, na maji yake mekundu nikadhani ni chai iliyomwagwa. Niliambiwa nisiongeze na nisipunguze, na nilipunguza karai.

Jioni ile walifunga mlango wa chumba, sisi tukakaa nje na jirani akakaa karibu na dirisha. Sauti ya Mama ilipanda. Ya Baba haikupanda. Nilimsikia akisema mara moja tu, "Hujui unachosema," kisha akanyamaza. Mama alikuwa mtu wa kutaka jibu, na mtu aliyenyamaza kwake ni mtu aliyekiri.

Hakuondoka. Hakurudi kwao Murang'a kama wengi walivyotarajia. Alifanya jambo moja dogo, na alilifanya kila siku tangu hapo. Alimpakulia Baba, akafunika sahani kwa sahani nyingine, akaiweka mezani, kisha akachukua yake na kwenda kula jikoni kwenye kigoda. Alimfulia nguo, alimwombea, alimzalia mtoto mwingine, alimuuguza malaria. Lakini kula naye hakula tena. Sisi tuliozaliwa mapema tulikula na Baba mezani au na Mama jikoni, kwa zamu, bila mtu kutupangia.

Miezi michache baadaye maziwa yalirudi kwenye mfuko wa koti. Mama aliona ni ushahidi kwamba mambo ya kule yameisha. Aliyachemsha kama zamani.

Na wakati huohuo ndipo Baba alipoanza ule mchezo ambao ploti nzima iliukumbuka. Jumapili baada ya kanisa alichukua uzi wa cherehani wa Mama, akaulowesha mate, akaupenyeza kwenye tundu moja la pua na kuutoa kwenye lingine. Halafu aliushika ncha mbili na kuuvuta huku na huku. Watoto tulipiga mayowe hadi mbwa wakabweka. Walikuja hata watoto wa ploti ya pili. Baba alicheka kuliko sisi sote, na ukweli ni kwamba sikumbuki raha nyingine ya utoto wangu kubwa kuliko ile. Mama alikusanya nyuzi zake akaingia ndani.

Yalikuwapo na mambo mengine, ambayo leo nayachambua kama Baba na njiti zake. Kulikuwa na pipa la plastiki alilolileta kutoka karakana, alilisugua kwa mchanga siku mbili, tukalifanya la akiba kwa sababu maji ya bomba yalikuja kwa zamu. Maji yakilala humo yalipata rangi ya manjano kwa mbali. Tuliogea, tulipikia, na kila msimu wa kiangazi tulijikuna viwiko na nyuma ya magoti hadi tukatoka vipele. Mama alishuku sabuni, akabadilisha. Akashuku viroboto, akaanika magodoro. Alimshuku hata jirani kwamba ana jicho baya.

Basi juma lile la gesi nilimpeleka Baba hospitali. Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yangu, mpole, na alimwita Baba "guka", yaani babu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mkikuyu. Alimwambia ainue uso, akawasha tochi ndogo. Taa iliingia tundu la kulia, na mimi niliyekaa kando nikaona mwanga ukitokea la kushoto. Daktari alizima, akawasha tena.

"Guka, umewahi kufanya kazi ya kromu?"

"Miaka kumi na minane," Baba akasema, akajinyoosha kitini. "Nilipasi mapema sana."

Daktari alitueleza pole pole. Ule ukungu wa matangini, kromu iliyopuliziwa hewani, ukiingia puani siku baada ya siku unakula ile nyama ya katikati. Dalili ya kwanza ni damu. Nyama ikishatoboka damu hukoma na maumivu hukoma, na mtu akadhani amepona. Kromu hiyohiyo ndiyo iliyochimba vile vidonda vya mikono. Ndiyo inayoweza kuuwasha mwili wa mtu anayeigusa kwenye maji. Na harufu, akasema, kwa watu wengine huondoka mapema, kabla hata ya tundu. Kisha akashusha sauti na kusema inabidi mapafu yapigwe picha, maana kromu hii inaweza kuleta saratani ya mapafu hata miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi.

"Wenzako wako wapi?" akauliza.

Baba alianza kuhesabu kwa vidole. Kila kidole alichokunja nilikikumbuka kwa mazishi. Yule aliambiwa ni TB. Huyu aliambiwa ni nimonia ya kulala kwenye baridi. Kijana wa kijiti cha ufagio alikohoa mwaka mzima, na kwao walisema amerogwa na shemeji yake, hadi familia ikagawanyika na haijapatana mpaka leo. Labda wengine kweli walikufa kwa TB, siwezi kuapa. Lakini tulishuku wake zao, shemeji zao, majirani na pombe. Tulishuku kila mtu isipokuwa tangi.

Picha ilirudi na makovu, bila uvimbe. Daktari alisema arudi baada ya miezi sita, na kila miezi sita baada ya hapo. Nilishukuru Mungu, na bado sijaiamini ile picha.

Kwenye teksi nilimuuliza. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye debe lililopinduliwa.

"Uliniona?" Baba akasema.

"Nilitumwa."

Aliteremsha kioo cha dirisha. Tulikuwa tumekwama kwenye msongamano wa magari. "Damu ilikuwa inanishika saa sita kila siku," akasema. "Yule mama alikuwa ananificha nyuma nyapara asione. Maziwa nilianza kunywa nikifikiria nitapona haraka, niwaletee tena. Niliona aibu sana kuwanyima."

"Mbona hukumwambia Mama?"

"Unamjua mamako. Angemfuata nyapara na mwiko. Na mimi kesho yake niko getini na vibarua, na nyinyi wote mko kwa nyumba mnaningoja." Akakuna sikio, akaacha. "Halafu baadaye nilipasi, nikaona imeisha. Sasa utaanzaje kueleza kitu imeisha?"

Tulipita mahali karakana ilipokuwa. Sasa ni ghorofa saba, na kwenye lango kuna kibao kinachotangaza maji ya kisima saa zote. Nilimwambia dereva asimame. Nilimuuliza mlinzi kisima kimechimbwa upande gani wa kiwanja, akanionyesha kule nyuma, palipokuwa na mfereji wa manjano. Nikauliza kama maji yamepimwa. Akanipa nambari ya mwenye nyumba, ambaye alicheka simuni na kuniambia wapangaji wake wote wako salama. Nikamwomba cheti. Ameahidi kunitumia, na kila Jumatatu namkumbusha. Upande wa pili wa mto nduma bado zinapandwa, na majani bado ni makubwa.

Mama alikuwa mlangoni anachambua minji kwenye ungo. Amezeeka, lakini macho yale yale. Baba aliingia ndani kuwasha redio. Mimi nilikaa chini kwenye ngazi, nikachukua minji nikaanza kumsaidia, na nikamwambia yote, kijiti cha ufagio, ukungu, tundu, pua, hadi nikafika kwenye karai. Hapo nililia, mtu mzima mimi, kwa sababu ya karai.

Mama hakunibembeleza. Aliendelea kutoa minji.

"Hiyo maziwa alikuwa anakunywa ajitibu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na yule mwanamke?"

"Alikuwa anamshikia karai."

"Na ile siku nilimpatia maziwa imechacha?"

"Hakusikia. Hakuwa anasikia kitu."

Maganda ya minji yalimwanguka mapajani na hakuyaokota. "Alikula githeri yangu imeungua," akasema, kama anajiambia mwenyewe, "akasema asante. Na mimi nikamchukia kwa hiyo asante." Kisha akainuka, akauchukua ungo, akaniambia niondoe lile pipa la karakana, ambalo bado liko pale kwenye mfereji wa mvua, nilipeleke mahali ambapo mtu hatalitumia tena. Bado sijapata mahali kama hapo. Liko kwangu, limepinduliwa, na nimeandika juu yake kwa rangi lisitumike.

Jioni nilikaa nikimtazama anavyopika. Alikaanga vitunguu kwa mazoea, vikanukia hadi uani, halafu akasimama na mwiko hewani kama mtu aliyesahau alikuwa anasema nini. Akaniuliza mtu asiye na pua anasikia nini mdomoni. Nikamwambia alichosema daktari, chumvi, uchachu, ukali, na ulimi unajua kitu laini na kitu kinachotafunika. Akafikiri. Alipasua pilipili mbili, akakamulia limau nzima, akakaanga njugu hadi zikawa kavu akaziponda juu ya githeri. Mimi kwa mazoea yangu nilitaka kuuliza kama chakula kitalika. Badala yake nikafuta sahani.

Baba Dogo hainukii tena. Kiwanda cha mkate kilihama, cha sabuni kikafungwa, na watu wanapikia gesi ndani ya ghorofa zilizofungwa madirisha. Ningefungwa kitambaa usoni leo ningepotea hatua kumi kutoka kwa mlango wetu. Na Baba alipotea humo miaka mingi kabla yangu, akirudi kila jioni kwenye nyumba isiyonukia chochote, akikuta sahani imefunikwa na kiti cha mkewe kitupu, na hakumwambia mtu.

Mama alipakua sahani mbili. Hakufunika hata moja. Alizibeba zote mezani, akavuta kiti, akaketi karibu na mumewe. Baba alimtazama, akanitazama mimi, akapunguza redio. Akatia kijiko mdomoni. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na macho yakajaa maji.

"Hii," akasema, "hii nimeisikia."

Mama alikuwa amechukua kikombe cha maziwa yaliyokuwa mezani, akakisogeza puani, akayanusa kwa makini, pole pole, kama ninavyofanya mimi. Akayaweka mbele ya Baba.

"Ni mazuri," akasema. "Kunywa yote."